Tagi za Njano

Jumatano, 12 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata Cindy, ambaye tumekaa dawati moja tangu Form One na ambaye siri zake zote ninazo mimi. Zile tagi za njano kwenye masikio ya ng'ombe wetu, Papa ndiye aliyezibana na koleo, lakini nambari niliziandika mimi. Ishirini na tatu kati ya hizo ni za uongo.

Naandika nyuma ya kitabu cha Kemia kwa sababu hakuna mtu nyumbani humu anayeweza kufungua kitabu cha Kemia kwa hiari yake.

Ilikuwa Agosti, likizo, kiangazi kimekausha mpaka vichaka. Nyanya yangu, Kokoo, alileta ng'ombe wake kumi na wanne kutoka upande wa Isinya wale nyasi kavu za kampuni yetu. Mzee Parmuat, jirani yake, akaleta tisa. Kwetu hiyo si habari. Ng'ombe wa mtu anaweza kukaa kwa mwingine miaka mitano na hakuna anayeandika popote, maana kila mtu anajua: huyu ni wa fulani, mamake alitoka kwa fulani, alitolewa siku fulani. Sasa benki ikasema inatuma mtu wa kuhesabu ng'ombe kabla haijatoa mkopo wa tangi jipya la kupoza maziwa. Papa alihesabu wake akaona hawatoshi. Akasimama pale kwenye njia ya mbao wanapochanjiwa, koleo mkononi, akaniambia, "Andika tu, enkerai ai. Ni ya siku moja. Ng'ombe anajua mwenyewe."

Enkerai ai ni mtoto wangu. Akiniita hivyo mimi hufanya chochote.

Kazi nilipewa mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na mdomo wangu ni mzito. Niliandika kwenye daftari la kampuni, 0409 mpaka 0431. Halafu, sijui kwa nini, niliandika tena ukweli hapa, ukurasa wa katikati wa kitabu hiki: nambari, rangi, jina, mwenyewe. Labda ni kwa sababu Kokoo alinifundisha majina yao kabla sijajua kusoma.

Mtu wa benki alikuja, akahesabu, akanywa chai, akaenda. Tagi haitoki bila kupasua sikio. Kokoo aliambiwa ni za chanjo. Tukaziacha.

Leo asubuhi gari jeupe limeingia na mama mmoja mwembamba mwenye karatasi ya mahakama. Kampuni yetu ya maziwa, Yieyo, haiwezi kulipa wanaoidai, na mmoja wao alienda kortini. Korti imempa huyu mama kuisimamia. Anaitwa Madam Makena. Kuanzia leo sahihi ya Papa haifanyi kazi popote.


Alhamisi, 13 Machi

Joto. Cindy ameniuliza kwa nini natoa jasho kwenye somo la Kiswahili. Nimesema ni joto.


Jumatatu, 17 Machi

Tuna askari getini. Anaitwa Masila, Mkamba wa Machakos, mtu wa mizaha. Nyumba yetu iko ndani ya ua wa kampuni, kwa hivyo hata begi langu la shule linafunguliwa nikitoka. Leo ameipata pakiti yangu ya pedi akalifunga begi haraka kama imemuuma. Nilitaka ardhi inimeze. Nafikiri yeye pia.

Jioni Kokoo alikuwa anarudi kwake na kibuyu cha maziwa.

"Susu, hii imetoka wapi?" Wakamba husema susu, ndiyo nyanya.

"Kwa ng'ombe wangu. Wewe ulidhani maziwa yanatoka wapi? Kwa duka?"

"Huyo ng'ombe ako na tagi ya njano?"

"Ako na masikio. Mambo mliyomtundika huko, mimi sijui."

Masila akachukua pakiti ya maziwa ya lala, yale ya mgando, iliyokuwa mezani mwake. Kwenye pakiti zetu zote kuna picha ya Kokoo, shanga shingoni, anatabasamu. Yieyo ni mama kwa Kimaa, na Papa aliipa kampuni jina hilo kwa heshima yake. Masila akaiangalia picha, akamwangalia Kokoo.

"Si huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Walinipiga picha nikiwa na njaa, ndiyo unaona nacheka hivyo."

"Basi kuna shida, susu. Mimi nimepewa orodha ya mali. Namba kumi na mbili: nembo ya mama mzee. Hata wewe mwenyewe sifai kukuachilia utoke."

Wakacheka wote wawili mpaka Kokoo akashika geti. Lakini maziwa yalirudishwa kwenye tangi. Kokoo alitoka na kibuyu kitupu, amekibeba kama kimejaa.


Jumamosi, 22 Machi

Madam Makena amekuja kunywa chai kwetu. Amevaa suti na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Anapuliza chai kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na nimeamua kumchukia kwa ajili hiyo, kwa sababu mengine yote anayofanya ni ya adabu.

Papa alimwomba misumari. Papa yangu, aliyejenga kila kibanda hapa, aliomba misumari kilo mbili, akaambiwa aandike ombi.

"Mzee Lemein," Madam akasema, "mimi si dalali. Dalali angekuja na lori siku ya kwanza abebe hadi viti. Korti imenipa muda niangalie kama hii kampuni inaweza kupona. Kwa huo muda, wanaodai hawagusi kitu. Lakini pia hakuna kitu kinatoka. Kilichopatikana hapa ndani siku niliyoingia kinakaa ndani mpaka niruhusu mimi ama korti."

"Hata kama si cha kampuni?" Mama aliuliza. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua macho.

"Hata hicho, Mama Naisula. Mwenyewe ataleta ushahidi, tutakiangalia."

Ndipo akasema mwezi ujao atauza ng'ombe arobaini, wale wanaotoa maziwa kidogo, ili tangi litengenezwe na wafanyakazi walipwe. Ng'ombe wa maziwa kidogo. Wa kampuni ni Sahiwal, aina ya ng'ombe wa maziwa, wa uzao mpya, na wa Kokoo ni Sahiwal wa zamani, ndio chimbuko la hao wa kampuni. Ukiwasimamisha pamoja mgeni hawezi kuwatenganisha. Lakini nani anatoa kidogo, hilo liko wazi. Nilihesabu kichwani. Wote ishirini na watatu wamo.

Papa alimwongezea Madam chai ambayo hakuomba.


Jumatano, 26 Machi

Mawingu upande wa Ngong. Hayakufika kwetu.


Jumapili, 30 Machi

Yamefika. Mvua imeanza katikati ya mahubiri na bati la kanisa likafanya kelele hadi pasta akanyamaza. Papa, ambaye hukaa mbele na wazee wa kanisa, leo alikaa nyuma karibu na mlango. Tuliporudi udongo mweusi ulikuwa umeshika viatu vyetu, kila hatua unabeba shamba zima. Mama alivua viatu. Papa hakuvua, akatembea mrefu hivyo hadi nyumbani.


Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Nimekuwa wa tano. Papa hajauliza.

Sasa sina hata sababu ya kupita getini.


Jumatatu, 7 Aprili



Madam Makena alikuja sebuleni na daftari la kampuni chini ya mwavuli. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Akalifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye ukurasa ninaoujua.

"Mzee, ni nani anaandika hivi? Anakata saba mstari katikati."

Mimi ndiye. Mwalimu wa darasa la pili alinifundisha, kwamba bila mstari saba inafanana na moja.

"Kuna karani aliacha kazi," Papa akasema. Alisema haraka, na vizuri, kama mtu anayetaja jina lake. Sikuwa najua Papa anaweza kudanganya vizuri namna hiyo. Siku ya mtu wa benki alikuwa ananyamaza tu. Kunyamaza ninakujua, ni kazi yangu pia. Hili lilikuwa kitu kingine.

"Anaitwa nani? Nimpigie."

"Alienda Gulf."

Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai. Madam akaniangalia. Akatoa kalamu.

"Naisula, niandikie hapa nambari ya simu ya mama. Yangu imekufa chaji."

Nambari ya Mama iko na saba tatu. Niliandika ya kwanza, kalamu ikafika pale mstari unapokaa, nikaiinua. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Zilikaa pale kwenye karatasi zimenyooka, uchi, kama si zangu. Madam akasema asante.

Alipoenda, Papa alinifuata jikoni. Alifunga mlango, kitu ambacho hafanyi.

"Wewe hukuandika."

"Ndiyo, Papa."

"Ni mimi nakukinga, enkerai ai. Unaelewa? Wakijua ni wewe, watakuita kortini uongee mbele ya watu."

Anajua ninachokiogopa kuliko vyote. Niliitikia kwa kichwa. Baadaye, nikiosha vikombe, nilijiuliza nani alikuwa anamkinga nani. Nikaona aibu kujiuliza hivyo.


Jumanne, 8 Aprili

Nimejaza ukurasa mzima wa saba zisizo na mstari. Sasa zinatoka zenyewe.


Jumatatu, 14 Aprili

Kokoo amepata habari kwamba ng'ombe wake watauzwa. Masila ndiye aliyemwambia, akidhani anajua. Amekuja asubuhi bila kibuyu, akampita Papa kama anayepita mti, akaenda moja kwa moja kwa Madam Makena.

"Wewe mama wa korti. Sopa."

Madam hajui Kimaa. Akamwambia shikamoo, ambayo huku hakuna mtu husema, na Kokoo akapenda. Alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye uzio, matope yakiwafika kwenye vifundo.

"Unataka ushahidi? Sasa utaona. Nitaita wangu. Watakaokuja ni wangu. Watakaobaki ni wa hao watu wako wa Nairobi."

Wafanyakazi walikusanyika. Papa alisimama mbali, mikono nyuma. Kokoo akaweka viganja mdomoni akaita ule wito wake, wa chini, unaopanda mwishoni. Sampu aliinua kichwa kwanza. Sampu ndiye 0417, mwenye mistari kama maji yametiririka ubavuni. Akaja. Akafuata yule mweusi, kisha wa Mzee Parmuat wawili, nami moyo ukawa unapiga kwa furaha. Halafu wakaja wengine. Halafu wote. Kila ng'ombe kwenye lile boma, wa kampuni na si wa kampuni, mia moja na kitu, walikuja wakisukumana mpaka uzio ukalia, kwa sababu mwaka mzima Kokoo amekuwa akija kila wiki na chumvi mfukoni na hajawahi kumnyima hata mmoja.

Masila akasema, "Susu, hongera. Kumbe kampuni yote ni yako."

Watu walicheka, na Kokoo pia alianza kucheka, halafu akaacha.

"Angalia masikio basi," akamwambia Madam. "Sisi tunakata sikio. Ukoo na ukoo uko na kisu chake."

"Nimeangalia, mama. Ng'ombe wa mwanao wana alama hiyo hiyo yako. Na wa Mzee Parmuat pia wamo wengine ambao aliiuzia kampuni, nimeona stakabadhi." Alisema taratibu. "Mimi nakuamini. Lakini kuamini kwangu korti haikuandiki."

Kokoo alimtafuta Papa kwa macho. Papa alikuwa anarekebisha waya wa uzio usiokuwa na shida.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwa Madam. Hatua kumi tu na sentensi moja. Nilifungua mdomo, ukaingia upepo.


Alhamisi, 17 Aprili

Leo nitaandika yote hata kama mkono utachoka.

Mzee Parmuat amekuja. Ni mzee mrefu, kofia ya pamba, blanketi jekundu juu ya koti. Mwanawe anaoa wiki ya kwanza ya Mei na mtamba mmoja kati ya wale tisa ndiye walioahidiwa wakwe. Alikuja kumchukua tu, kama mtu anayechukua mwavuli alioacha kwa rafiki.

Lazima nieleze jambo. Kwetu ukipewa mnyama na mtu, hamwitani tena kwa majina. Mnaitana kwa kile mlichopeana. Papa alipoanza, kabla mimi sijazaliwa, hakuwa na kitu, na Mzee Parmuat alimpa ng'ombe. Tangu siku hiyo Papa ni Pakiteng kwake, na yeye ni Pakiteng kwa Papa. Sijawahi kusikia wakiitana vinginevyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la ukoo, kwamba ni ndugu.

Madam Makena alitoka ofisini. Alimpa mzee kiti. Alimweleza yote tena, polepole: kilichokuwa ndani kinakaa ndani, tagi, daftari, ushahidi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, fimbo kati ya magoti. Hakubisha. Alimgeukia Papa na uso wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayeona watu wanahangaika na kufuli wakati mwenye funguo yupo.

"Pakiteng," akasema, "mwambie."

Mvua ilikuwa imepumzika. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa la ofisi, moja moja, kwenye debe. Masila alikuwepo. Mama alikuwa mlangoni na taulo begani. Sisi sote tulimwangalia Papa, na nakumbuka nilikuwa nasema kimoyomoyo, sema, sema, sema, kana kwamba akisema yeye mimi nitakuwa nimesema.

Papa alifuta uso kwa kiganja. Akasema Kiswahili, ingawa mzee alimsemesha kwa Kimaa.

"Mzee, hiyo maneno iko kwa korti sasa."

Mzee Parmuat akasimama, akalipanga blanketi vizuri begani. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Nimeelewa," akasema. "Nimeelewa, Lemein."

Lemein. Jina lake tu, kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho. Nilimwona Papa akilipokea. Mabega yalishuka kama amebebeshwa gunia, akabaki anamwangalia mzee akivuka matope mpaka getini. Masila hakumpekua. Alimfungulia geti lote, hata ule upande wa lori, mtu mmoja anayetembea kwa miguu.

Papa hakula. Mama aliweka sahani, akaitoa, akaiweka tena.

Na mimi nilikuwa namkasirikia Papa tangu ile siku ya misumari, kama mtoto anavyokasirika akiona mzazi ni mdogo. Leo hasira imeisha na kilichobaki ni kibaya zaidi. Naona anaogopa vile mimi naogopa. Naona nilirithi wapi.


Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwetu hakuna aliyechinja.


Jumatano, 23 Aprili

Lori za mnunuzi zilikuwa zije leo. Zimekwama kwenye udongo mweusi kilomita mbili kutoka barabara ya lami, moja imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Mauzo yamesogezwa hadi Jumatatu tarehe ishirini na nane, saa mbili asubuhi. Masila anasema mvua hii imetumwa na Kokoo.

Gari jeupe la Madam nalo lilikwama karibu na geti. Alishuka kusukuma pamoja na wafanyakazi, akateleza, akaanguka kifudifudi na suti yake. Akainuka, uso mweusi tiii, akasema, "Haya, hii nayo iandikwe kwa orodha ya mali." Wafanyakazi walicheka mpaka wakaachilia gari.

Mama akanituma nimpelekee maji ya moto bafuni. Alipomaliza alikaa jikoni amevaa leso ya Mama, anapuliza chai. Tulikuwa wawili tu. Akaniambia babake alikuwa na duka la dawa za kahawa kule Meru, na dalali alikuja asubuhi moja akabeba kila kitu, hata cherehani ya jirani iliyokuwa imeletwa kutengenezwa. Jirani hakuwasemesha tena mpaka alipokufa. "Cherehani tu," akasema.

Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Nimelisoma lile daftari mara nyingi. Mwandiko umenyooka vizuri, umetulia. Ukifika 0409, kalamu imeanza kukandamizwa. Ukipapasa nyuma ya karatasi unahisi kila nambari. Kwingine imetoboka. Inaenda hivyo ishirini na tatu. Halafu 0432, mkono umetulia tena." Akanywa. "Siwezi kupeleka korti karatasi iliyotoboka. Na siwezi kumlazimisha mtoto."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Sikuiweka chini.

"Ikijulikana kabla ya lori, naweza kuandika kwamba ni kosa na limerekebishwa. Wenye benki watafanya watakavyofanya, hapo siahidi kitu. Ikijulikana baada ya lori, mimi nitakuwa nimeuza mali ya watu, na mtu atakuwa aliniacha niuze. Hilo lina jina lingine." Akasimama, akakunja leso. "Jumatatu niko ofisini saa kumi na mbili asubuhi."

Hakuniuliza swali hata moja. Nimegundua nilikuwa namngoja aulize ili niweze kukataa.


Ijumaa, 25 Aprili

Tumekunja nguo na Mama. Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka uvundo. Mama ni Mkikuyu wa Nyeri, anaitwa Virginia, na kwao hata kuku ana karatasi. Nilianza kusema, "Mama, ile Agosti..."

Akaweka shuka chini. "Ngoja. Kuna kitu ukiniambia nitakuwa nimekijua. Na nikishakijua siwezi kulala kitanda kimoja na baba yako na kukaa kama sijui."

Tukakunja soksi. Baada ya muda akasema, kama anaongea na soksi, "Miaka kumi na nane nilimwambia aandike. Akasema kwao ng'ombe haandikwi, anajulikana. Sasa ona. Siku ya kwanza kuandika ndiyo siku aliyodanganya."

Hakusema nisiseme. Nimelifikiria hilo hadi sasa. Hakusema nisiseme.


Jumapili, 27 Aprili

Shule inafunguliwa kesho. Begi liko tayari. Lori ziko kituo cha mafuta pale Kitengela tangu jana, Masila ameziona, na leo hakujanyesha hata tone. Udongo unakauka. Kwa mara ya kwanza maishani naombea matope.

Baada ya kanisa Kokoo alikuja, akanichukua mkono. Sampu amezaa alfajiri. Tulienda kumwona, mtamba, bado ana unyevu masikioni, miguu minne inaenda pande nne. Ana ile mistari ya mamake. Kokoo alimsugua kwa nyasi, akamwongelesha, kisha akanivuta nipige magoti kwenye matope na nguo yangu ya kanisa.

"Huyu ni wako."

"Kokoo, kesho..."

"Kesho ni ya kesho. Leo ni wangu na nimempa wewe. Mimi sijakupa kitu tangu uzaliwe, nilikuwa nangoja huyu Sampu azae jike." Akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, baraka, kama wazee wanavyofanya. "Sasa usiniite Kokoo tena. Umepewa ndama. Niite Paashe. Na mimi nakuita Paashe."

Nilijaribu. Jina halikutoka. Yeye akadhani ni haya zangu za kawaida, akacheka, akanipiga bega. "Utazoea, Paashe."

Sikuzoea. Nimekaa hapa chumbani tangu saa nane na ninalisikia. Kila akiniita hivyo, kuanzia kesho, atakuwa anataja mnyama aliye ndani ya lori. Ataniita hivyo miaka yote atakayoishi, kwa upendo, na mimi nitaitika. Papa alipoteza jina lake mbele ya watu. Mimi nitabaki na langu, na hakuna atakayejua, na sijui lipi ni baya zaidi. Nafikiri najua.

Nimejaribu kufikiria Papa kortini. Nimefikiria mpaka mwisho, nikamweka pale mbele, nikajiweka na mimi kando yake, watu wanatuangalia, mdomo wangu umekauka. Inaogopesha vile vile kama nilivyodhani. Lakini pale nilimwona na kitu ambacho hana hapa. Alikuwa ananiangalia.

Nimerudi juu ya ukurasa huu, kwenye tarehe ya leo, nikaikata saba mstari.

Nasikia gambuti za Papa zinatoka upande wa boma. Nazijua, ya kushoto huburuta kidogo. Godoro lina mahali pake pa kitabu hiki, pamebonyea kabisa, na mkono wangu umeshakwenda huko wenyewe. Nimeurudisha.

Amesimama kwenye karai la nje, anaosha matope. Nimefungua ukurasa wa katikati na mistari hii ya mwisho naiandika huku, chini ya 0431:

Ndama jike, mistari, hana tagi. Mamake ni Sampu, 0417. Alitolewa na Paashe. Mwenyewe ni Naisula.

Gambuti ziko kwenye veranda. Anabisha. Papa hajawahi kubisha mlango wangu.

Nimesema, ingia.